Umbo la kizimba na mgeni wake: namna ya kulipima katika kemia ya supramolekuli yenye metali

Ripoti nyingi za vizimba vya metali (molekuli zenye uvungu, zilizojengwa kwa ayoni za metali na ligandi, yaani molekuli za kikaboni zinazoziunganisha) huishia kwenye sentensi ile ile: mgeni, yaani molekuli inayoingia uvunguni, ameshikwa vizuri kwa sababu "anatoshea". Sentensi hiyo haimsaidii mtu anayetaka kutengeneza kizimba kinachofuata. Mgeni anaweza kutoshea kwa ujazo na bado asishikwe. Anaweza kushikwa kwa nguvu lakini akachukua siku mbili kuingia. Anaweza hata kusogeza vilele vya NMR (spektra inayoonyesha mazingira ya kila protoni) bila kukanyaga ndani hata mara moja. Tunaposema umbo, tunachanganya sura ya uvungu, upana wa madirisha yake, na upande ambao protoni za ndani zimeelekea. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyatenga mambo hayo kwa vipimo. Mfano mkuu ni kizimba cha Pd₂L₄ (paladiamu mbili na ligandi nne), kwa sababu kinajijenga ndani ya saa moja na hakifichi makosa ya mtengenezaji.

Anza na jozi

Kizimba kimoja hakiwezi kukuambia lolote kuhusu umbo. Unahitaji viwili vinavyotofautiana kwa umbo tu: metali ile ile, chaji ile ile, anioni zile zile, kiyeyushi kile kile. Ukihama kutoka paladiamu kwenda chuma na kutoka asetonitrili kwenda maji kwa mkupuo mmoja, utapata tofauti ya K (konstanti ya msawazo, kipimo cha nguvu ya mshikamano), lakini hutajua imetoka wapi.

Jozi ya kuigwa ilitoka katika kundi la Makoto Fujita nchini Japani. Ligandi ni triazini yenye piridini tatu. Nitrojeni za piridini zikiwa nafasi ya 4, paladiamu sita na ligandi nne hujifunga kuwa oktahedroni. Zikihamia nafasi ya 3, hesabu inabaki Pd₆L₄ na chaji inabaki 12+, ila umbo linakuwa bakuli. Mwaka 2006 kundi hilo lilionyesha kwamba ndani ya oktahedroni antrasini huungana na imidi, kwa mmenyuko wa Diels–Alder, kupitia pete yake ya pembeni badala ya pete ya kati iliyozoeleka. Ndani ya bakuli mmenyuko ulirudi pete ya kati, zao likatoka lenyewe, na bakuli likawa kichocheo halisi. Kilichobadilika ni nafasi ya nitrojeni, hatua moja tu kwenye pete.

Kwa ligandi zilizopinda zenye piridini mbili, usukani ni pembe kati ya mikono. Mikono ikielekea upande mmoja sambamba, unapata Pd₂L₄ yenye sura ya taa ya kandili. Ikifunguka hadi karibu 127°, unapata tufe la Pd₁₂L₂₄. Mwaka 2010 ilionekana kwamba wastani wa pembe ukipanda kutoka 131° hadi 134°, tufe lote linageuka kuwa Pd₂₄L₄₈ bila ukubwa wa katikati. Kwa hiyo usichore ligandi mpya ukidhani nyuzi tatu ni kitu kidogo.

Kokotoa uvungu kabla ya kupima gramu

Chukua muundo wa fuwele, ondoa anioni na molekuli za kiyeyushi zilizomo ndani, kisha endesha programu ya kukokotoa uvungu kwa kuviringisha mpira wa kupimia kwenye kuta. Andika nusu kipenyo cha mpira huo pamoja na jibu lako. Ukitumia Å 1.4 (Å ni angstromu, sehemu ya bilioni kumi ya mita) na mwenzako akatumia Å 1.2, mtapata namba mbili tofauti za kizimba kimoja na mtabishana bure. Kwa kizimba chenye madirisha makubwa mpira huvuja nje, na programu huhesabu nusu ya kiyeyushi kama uvungu. Ziba kila dirisha kwa bapa linalopita kwenye atomu za ukingo wake, na utumie bapa hizo hizo kwa vizimba vyote viwili vya jozi.

Baada ya hapo gawanya ujazo wa mgeni kwa ujazo wa uvungu. Kanuni ya Mecozzi na Rebek ya mwaka 1998 inasema mshikamano bora katika myeyusho huwa mgeni akijaza takriban 55% ya uvungu, kwa mawanda ya asilimia tisa juu na chini. Bondi imara za hidrojeni zinaweza kupandisha kiwango hicho hadi karibu 70%. Nafasi inayobaki haipotei, kwani mgeni anahitaji kujigeuza, na kumbana kabisa kuna gharama ya entropia.

Kanuni hiyo ni ya kuchagua wageni wa kuanza nao, haitoi hukumu. Chukua kizimba cha Fe₄L₆ cha kundi la Jonathan Nitschke. Uvungu wake ni takriban Å³ 141. Ukiuchukulia kama mpira, kipenyo chake ni karibu Å 6.5. Benzini, kutoka protoni hadi protoni ya upande wa pili pamoja na nusu vipenyo vya van der Waals (mpaka wa nje wa atomu), ina urefu wa karibu Å 7.4. Kwa hesabu ya mpira benzini ingekataliwa mlangoni. Lakini inaingia, tena ndiyo inayotumika kumtoa mgeni mwingine. Sababu ni kwamba uvungu ule ni tetrahedroni yenye pembe nne za kunyooshea miguu. Ukiona mtu amelinganisha kipenyo cha mgeni na kipenyo cha uvungu kwa namba mojamoja, rudi kwenye muundo umwekee mgeni ndani kwa programu ya modeli.

Maji yanakuza tofauti hizi. Katika mchemraba wa Co₈L₁₂ wa kundi la Michael Ward, wenye uvungu wa karibu Å³ 400, ketoni za pete zilipimwa kwa kuongeza CH₂ moja moja. Kila CH₂ iliongeza takriban kJ/mol 5, hadi pete ya kaboni 11 ikafikia K ya karibu 10⁶ M⁻¹. Pete ilipozidi hapo, mshikamano ulishuka. Mfululizo wa namna hii, wenye kichwa kimoja na mwili unaonenepa hatua kwa hatua, ndio unaofaa kuigwa.

Kujenga Pd₂L₄

Ligandi ya mfano ni 1,3-bisi(piridini-3-iletinili)benzini, C₂₀H₁₂N₂, gramu 280.3 kwa moli. Hupatikana kwa mmenyuko wa Sonogashira, unaounganisha alkini na pete kwa kichocheo cha paladiamu na shaba. Isafishe mpaka shaba iliyobaki iishe, maana shaba hushindana na paladiamu kwenye piridini na kuharibu spektra.

Pima mg 11.2 za ligandi (mikromoli 40) na mg 8.9 za Pd(CH₃CN)₄(BF₄)₂ (mikromoli 20). Chumvi hiyo iwe ya njano iliyopauka. Ikiwa imeingia ukahawia, imenyonya unyevu na uwiano wako umeshaharibika kabla hujaanza. Yeyusha vyote katika mL 1.0 ya CD₃CN, pasha hadi 50 °C kwa saa moja, kisha acha ipoe. Unapata kizimba cha mM 10.

Katika NMR ya protoni tafuta seti moja tu ya vilele, huku protoni zilizo jirani na nitrojeni zikiwa zimesogea upande wa ppm kubwa. Vilele vidogo vya ziada mara nyingi ni dalili ya uwiano. Ongeza ligandi kidogo uone kama vinapungua, na vikipungua ujue paladiamu ilizidi. Katika DOSY (aina ya NMR inayopima usambaaji wa molekuli) vilele vyote vya ligandi vinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja wa kasi ya usambaaji.

Kwenye spektromita ya masi kuna mtego. Pd₂L₄ yenye chaji 4+ hutokea kwenye m/z (masi kugawanya kwa chaji) 333.5. PdL₂ yenye chaji 2+, ambayo si kizimba hata kidogo, nayo hutokea 333.5. Kinachozitenga ni nafasi kati ya vilele vya isotopu: 0.25 kwa kizimba, 0.5 kwa kipande. Kama mashine haioni tofauti hiyo, tafuta kilele cha [Pd₂L₄(BF₄)]³⁺ kwenye 473.7. Kipande kile hakiwezi kukitoa.

Kwa wageni wasio na chaji, asetonitrili na BF₄⁻ havifai. Asetonitrili inashindana, na BF₄⁻ inakaa kwenye mifuko ile ile ya protoni unayomtengea mgeni. Kausha myeyusho, ongeza diklorometani pamoja na moli nne za NaBArF (chumvi ya sodiamu ya BArF⁻, anioni kubwa ya borati yenye florini) kwa kila moli ya kizimba (mg 35.4 kwa mikromoli 10), koroga mpaka kizimba kiyeyuke, kisha chuja NaBF₄ inayobaki chini. BArF⁻ ni kubwa mno kuingia ndani. Hakikisha kwa NMR ya florini: BArF⁻ iko karibu −63 ppm, BF₄⁻ karibu −151. Kilele cha −151 kikibaki, bado una mgeni asiyealikwa.

Kuchagua wageni wanaouliza swali moja

Ndani ya Pd₂L₄ hii, kila ncha ina protoni nne zilizoelekea ndani, zikizunguka paladiamu. Umbali kati ya paladiamu mbili ni karibu Å 12. 1,4-benzokwinoni ina oksijeni mbili zinazoangalia pande zilizo kinyume, zikiachana kwa karibu Å 5.3, kwa hiyo kila oksijeni inaweza kuegemea ncha yake. Hapo umbo ndilo linalofanya kazi: kizimba kimezipanga protoni nane mapema, na mgeni halazimiki kuzisogeza.

Sasa panga wageni hivi. 1,4-benzokwinoni, 1,4-naftokwinoni na 9,10-antrakwinoni zina mhimili mmoja wa oksijeni, ila upana unaongezeka. Pete za ziada hutokeza kupitia madirisha manne ya pembeni. Mfululizo huo unauliza madirisha yanaruhusu nini. Ongeza 9,10-fenantrenikwinoni, ambayo oksijeni zake zote mbili zimeangalia upande mmoja. Huyo anauliza mwelekeo: ana vikundi vile vile, ila hawezi kuzigusa ncha zote mbili. Wapime wote kwenye kizimba cha pili cha jozi, chenye mhimili mrefu zaidi.

Benzokwinoni ipimwe ndani ya kabati la kutolea hewa, maana mvuke wake unawasha macho, na inapotea kwenye mizani ukiiacha wazi. Isafishe kwa kuigeuza mvuke na kuigandisha upya. Iliyo safi ni fuwele za njano angavu.

Titresheni yenyewe: kuongeza mgeni kidogo kidogo

1. Tengeneza mL 2 za kizimba mM 1.0 katika CD₂Cl₂ iliyokaushwa. Weka µL 500 kwenye tyubu ya NMR.
2. Tumia kizimba hicho hicho, si kiyeyushi kitupu, kuyeyusha mgeni hadi mM 20. Hivyo ukolezi wa kizimba haubadiliki unapoongeza mgeni. Hatua hii watu huiruka, kisha wanalaumu programu.
3. Ongeza kwa sirinji ya kioo isiyovujisha gesi mpaka jumla ifike: µL 0, 3, 6, 9, 12, 15, 20, 25, 32, 40, 55, 75, 100, 150, 200. Pointi za mwanzo ziwe karibu karibu, kwani ndizo zinazobeba habari ya stoikiometria, yaani wageni wangapi kwa kila kizimba.
4. Chukua spektra kwa 298 K baada ya kila nyongeza. Baada ya ile ya tatu subiri dakika 20, uchukue tena. Ikiwa imebadilika, mfumo haujafikia msawazo na ratiba yote ibadilike.

CD₂Cl₂ huchemka karibu 40 °C na hutoroka kila ukifungua kifuniko. Weka kipimo cha ndani (dutu ya kulinganishia isiyoshiriki), ulinganishe eneo la kilele chake mwanzo na mwisho. Hakikisha kilele hicho hakisogei, maana kikisogea nacho kimekuwa mgeni. Antrakwinoni isipoyeyuka kwa mM 20, shusha kizimba na mgeni kwa uwiano mmoja, mathalani mM 0.25 na mM 5.

Mwishoni mwa ratiba hii mgeni anafikia karibu mM 5.7, na kizimba chenye K ya 1,000 M⁻¹ kinakuwa kimejaa zaidi ya 80%. Kama K ni 50, hutafika hata robo, na programu itakupa namba yoyote ipendayo. Ongeza ukolezi wa mgeni. Kama K inazidi 10⁵, mstari utapanda wima na kuvunjika ghafla kwenye uwiano wa moli 1:1. Hapo NMR ya mM 1 haifai tena. Hamia mwanga wa UV kwa ukolezi wa mikromola, au kalorimita ya titresheni, inayopima joto linalotoka kwa kila nyongeza.

Kusoma kinachosogea

Piridini iliyounganishwa nafasi ya 3 ina protoni mbili jirani na nitrojeni. Ile ya nafasi ya 2, iliyo kati ya nitrojeni na mkono, inaangalia ndani ya uvungu. Ya nafasi ya 6 inaangalia nje. Kuzitambua ni rahisi: ya 2 ni kilele chembamba kisicho na jirani wa karibu, ya 6 imegawanyika mara mbili kwa karibu Hz 5 hadi 6. Mgeni aliye ndani husogeza ya 2 sana na ya 6 kidogo. Ikiwa zote mbili zinasogea sawasawa, au ya 6 ndiyo inayoongoza, mgeni wako amekaa ukutani kwa nje.

Thibitisha kwa kizimba kisicho na uvungu: [Pd(piridini)₄]²⁺ yenye BArF⁻. Ina metali ile ile na protoni za aina ile ile, lakini haina ndani. Kama mgeni anaisogeza kwa kiasi kile kile, K yako haihusiani na umbo. Jaribio hili ni la alasiri moja, na hakuna udhuru wa kuliacha.

Ukiona seti moja ya vilele inayosogea taratibu, mabadilishano (mgeni kuingia na kutoka) ni ya haraka. Seti mbili zikipanda na kushuka bila kusogea, ni ya polepole. Vilele vikitanuka na kutoweka, uko katikati. Kwenye mashine ya MHz 500, vilele vilivyoachana kwa ppm 0.4 (Hz 200) huungana kasi inapofikia karibu 440 kwa sekunde. Badilisha joto uende upande mmoja, usilazimishe hesabu kwenye vilele vilivyokufa.

Kwa mabadilishano ya haraka tumia:

[HG] = ½ { (H + G + 1/K) − √[(H + G + 1/K)² − 4·H·G] }

ambapo H ni ukolezi wote wa kizimba, G wa mgeni, na [HG] wa kizimba chenye mgeni; na mabadiliko ya ppm ni sawa na [HG]/H mara mabadiliko ya juu kabisa. Jaribu kwa mkono kabla ya kuamini programu: H ya mM 1.0, G ya mM 2.0 na K ya 1,000 M⁻¹ zinatoa [HG] ya mM 0.586. Kama lahajedwali yako inatoa kitu kingine, umechanganya mola na milimola.

Kisha tazama masalia, yaani tofauti kati ya pointi na mstari. Yakiruka ovyo juu na chini, ni kelele. Yakichora wimbi, modeli ya 1:1 (mgeni mmoja kwa kizimba kimoja) ni mbovu, hata kama R² (kipimo cha mstari kufuata pointi) ni 0.999. Jaribu modeli ya wageni wawili kwa kizimba kimoja, lakini ukumbuke kila kigezo kipya huboresha mstari bure. Njia ya Job (kubadilisha uwiano wa mgeni na kizimba huku jumla ya ukolezi ikibaki ile ile) usiitegemee kuamua stoikiometria. Mwaka 2016 Hibbert na Thordarson walieleza waziwazi kwa nini haifai kwa mifumo ya aina hii. Rudia titresheni mara tatu kutoka kwenye upimaji mpya wa uzito.

Kulinganisha vizimba viwili, geuza K kuwa nishati. Kwa 298 K, K ya 1,000 ni −17.1 kJ/mol, na kila kuzidisha mara kumi ni kJ/mol 5.7. Tofauti ya K mara moja na nusu ni kJ/mol 1, ambayo kosa la mizani na uvukizi linaweza kuimeza yote. Usijenge hoja ya umbo juu yake.

Kinachovunja kizimba

Kloridi huvunja vizimba vya paladiamu, hata ikitoka kwenye chumvi chafu ya mgeni. Amini hung'oa piridini. Ukiona vilele vya ligandi huru vinatokea kadiri mgeni anavyoongezeka, hupimi mshikamano, unapima ubomoaji. Wageni wenye chaji hasi mbili huweza kushusha mashapo papo hapo. Chuja, pima kilichobaki, au badilisha anioni. Na wapo wageni wasiobomoa bali wanaojenga upya: baadhi ya anioni hugeuza Pd₂L₄ mbili kuwa Pd₄L₈ iliyofumana kama viungo vya mnyororo. DOSY baada ya titresheni, si kabla tu, ndiyo inayokamata hilo.

Madirisha yapimwe kwa saa

K haisemi chochote kuhusu madirisha. Kizimba cha Ga₄L₆ cha kundi la Kenneth Raymond humshika tetraetilamonia kwa nguvu ndani ya maji, na mgeni huingia kwa kuyatanua madirisha bila bondi ya galiamu kukatika. Mgeni mnene zaidi anaweza kuwa na K nzuri na bado asubiri saa nyingi nje. Kinyume chake ni fosforasi nyeupe ndani ya Fe₄L₆, iliyoripotiwa mwaka 2009. P₄ haiwaki hewani ikiwa humo, na sababu si kwamba oksijeni imezuiwa mlangoni. Mmenyuko wenyewe ungezaa kitu kikubwa kuliko uvungu. Ukiongeza benzini, P₄ inatoka na kumenyuka na hewa kama kawaida.

Kwa hiyo, kwa kila mgeni aliye pembezoni mwa ukubwa, changanya mgeni na kizimba kwa moli 1:1 na uchukue spektra dakika ya 5, saa 1, saa 6 na saa 24. Kisha anza na kizimba kilichojaa, ongeza mgeni mwingine mwenye K kubwa zaidi, upime kasi ya kutoka. K inayopatikana kwa kuingia na ile ya kutoka zinapaswa kukutana. Kama bado zinaachana baada ya saa 24, acha tyubu kwenye 298 K uendelee kupima. Hiyo uliyonayo bado si konstanti ya msawazo.